Sekunde nane za Mesquite: mwanamichezo ajiwekee lengo la namna gani?

Katika mji wa Mesquite, mashariki ya Dallas katika jimbo la Texas nchini Marekani, kuna uwanja kando ya barabara kuu namba 635 ambako kazi ya mwanamichezo hupimwa kwa sekunde nane. Mpanda fahali hushika kwa mkono mmoja kamba iliyozungushwa kifuani mwa mnyama, lango hufunguliwa, na tangu hapo anachotakiwa ni kubaki mgongoni hadi muda utimie. Mkono wa pili hukaa hewani. Ukimgusa fahali, mpandaji ameondolewa. Akianguka katika sekunde ya saba hapati hata alama moja.

Mchezo huo huitwa rodeo, na mashindano ya Mesquite yamekuwapo tangu mwaka 1958. Msomaji wa Pemba, aliyezoea mchezo wa ng'ombe wa kisiwani kwake, huenda asishangazwe na fahali mwenye hasira mbele ya umati. Kitakachomshangaza ni hesabu ya alama. Mpandaji akifaulu kukaa sekunde nane, waamuzi hutoa alama zisizozidi 100, na nusu yake hupewa fahali: ameruka kiasi gani, amezunguka vipi, amekuwa mgumu kiasi gani. Nusu iliyobaki ndiyo ya mpandaji. Na fahali hachaguliwi na mpandaji, bali hupatikana kwa kura.

Kwa maneno mengine, mtu anayeingia katika uwanja huo akiwa na azma ya kupata alama 90 ameweka nusu ya azma yake mikononi mwa mnyama. Hali hiyo haiko mbali na ile ya mkimbiaji, mchezaji wa mpira au muogeleaji yeyote, ingawa kwao fahali haonekani. Ni mpinzani aliyeamka vizuri siku hiyo, ni upepo, ni mwamuzi, ni kocha wa chuo kikuu aliyekuja kutazama au asiyekuja.

Mfano wa kijana wa Mesquite

Don Gay alilelewa katika mji huo. Baba yake, Neal Gay, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa rodeo ya Mesquite, na mmoja wa washirika wake alikuwa Jim Shoulders, bingwa aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa kupanda fahali mara saba. Kijana huyo kwa hiyo alikua akiiona rekodi ya kuvunjwa ikitembea karibu na nyumbani kwao, imevaa kofia na viatu virefu. Alitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1974, akaurudia katika miaka mitatu iliyofuata, kisha tena 1979, 1980 na 1981. Hapo akawa sawa na Shoulders. Miaka miwili ikapita bila taji, mmoja wapo ukiwa ule wa 1982 ambapo Charles Sampson alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo. Taji la nane likamfikia Gay mwaka 1984.

Ni rahisi kusimulia habari kama hiyo kana kwamba kutamani ndiko kulikoleta taji. Lakini shabaha ya kumpita Shoulders ilimweleza Gay mahali pa kwenda tu. Haikumweleza afanye nini Jumamosi usiku, kamba ikiwa mkononi na fahali akitetemeka chini yake. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ndiyo iliyowashughulisha wataalamu wa saikolojia ya michezo kwa muda mrefu, na ndiyo inayokosekana katika mazungumzo mengi ya michezo ndani ya familia zetu.

Maana katika Dallas, Fort Worth na Houston wanaishi Waafrika Mashariki wengi: Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongomani waliopokewa kama wakimbizi, Waeritrea, Waethiopia na Wasomali. Watoto wao wanasoma katika shule ambazo michezo ni jambo zito, zenye viwanja ambavyo timu nyingi za ligi kuu katika nchi zetu zingevionea wivu. Na nyumbani lengo husemwa kwa neno moja: ufadhili. Kijana akimbie, apate ufadhili wa masomo, chuo kikuu kilipiwe.

Hilo ni tamanio la haki, hasa kwa mzazi anayefanya kazi mbili. Lakini takwimu za chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, zinaonyesha kwamba kati ya wanamichezo 100 wa shule za sekondari nchini humo, ni takribani 7 tu wanaoendelea kucheza katika timu za vyuo, na wanaofika daraja la kwanza ni kama 2. Si wote kati ya hao wawili wanaolipiwa gharama zote. Kijana aliyepewa ufadhili kuwa ndilo lengo lake pekee amekabidhiwa fahali mkubwa mno, na hakuna aliyemweleza ni nusu ipi ya alama iliyo yake.

Walichokigundua watafiti

Mwanasaikolojia Edwin Locke wa Marekani alichapisha mwaka 1968 makala iliyosema kwamba watu wanaopewa lengo mahususi na gumu hufanya vizuri zaidi kuliko wale wanaoambiwa wajitahidi kadiri ya uwezo wao. Kauli hiyo yaonekana ya kawaida leo, lakini inapingana na maneno ambayo kila mzazi na kila kocha huyatamka pembezoni mwa uwanja: jitahidi, mwanangu, fanya uwezavyo. Kwa Locke, "uwezavyo" haina mpaka. Yeyote anaweza kuamini ameifikia.

Mwenzake, Gary Latham, aliijaribu hoja hiyo mahali pasipo na uhusiano na michezo, miongoni mwa madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma, ambalo linapakana na Texas. Malori yalikuwa yakipakiwa takribani asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva wakaambiwa walenge asilimia 94. Hawakuongezwa malipo, ila walisifiwa walipopiga hatua. Baada ya miezi michache upakiaji ulikuwa umepita asilimia 90. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1975, na wawili hao wameendelea kuandika pamoja kwa miongo kadhaa.

Hapa inafaa kutaja kanuni ya herufi tano iliyosambaa katika semina za makocha na za maofisini, ile inayosema lengo liwe mahususi, lipimike, lifikike, liendane na hali halisi na liwe na muda. Kanuni hiyo ilitoka katika makala ya George Doran ya mwaka 1981, iliyoandikwa kwa ajili ya mameneja wa makampuni na haikuwataja wakimbiaji. Katika andiko lake la awali, herufi ya tatu haikuhusu lengo kufikika. Ilihusu kumjua mtu aliyekabidhiwa kazi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, maana hiyo ya awali ndiyo yenye faida zaidi kwa michezo, kwa sababu inauliza swali ambalo hukwepwa: lengo hili ni la nani?

Matokeo, kiwango na vitendo

Wataalamu wa michezo huyagawa malengo katika makundi matatu. Lengo la matokeo humlinganisha mwanamichezo na wengine: kushinda, kuingia tatu bora, kuchaguliwa timu ya taifa. Lengo la kiwango humlinganisha na yeye mwenyewe wa jana: kupunguza sekunde kumi, kuruka sentimita tano zaidi. Lengo la vitendo linahusu kile anachokifanya kwa mwili na akili yake wakati wa mazoezi au shindano: namna ya kupumua, mahali pa kutazama, mzunguko wa kwanza ukimbiwe kwa kasi gani. Uchambuzi mpana wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba malengo ya vitendo ndiyo yanayoinua zaidi utendaji, yakifuatiwa kwa mbali na ya kiwango, huku ya matokeo yakiwa na athari ndogo sana.

Je, hiyo ina maana kwamba lengo la kushinda lisiwepo kabisa? La, na ushahidi wa hilo unapatikana Houston, takribani saa nne kwa gari kusini ya Mesquite.

Tarehe 14 Januari mwaka 2012, Houston ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kuwateua wakimbiaji wa marathoni wa Marekani kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya London. Kanuni ilikuwa fupi: watatu wa kwanza wanakwenda, wa nne anabaki nyumbani. Mshindi alikuwa Meb Keflezighi, mzaliwa wa Eritrea aliyefika Marekani akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa na miaka 36, na siku 69 tu kabla ya hapo alikuwa amekimbia marathoni ya New York, muda ambao wakimbiaji wengi wa ngazi hiyo wangeuona haufai kwa mbio nyingine. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 8, muda bora kuliko wote aliokuwa ameupata hadi siku hiyo. Wa pili alikuwa Ryan Hall, na wa tatu Abdi Abdirahman, mzaliwa wa Somalia, aliyetumia saa 2, dakika 9 na sekunde 47 na kujipatia nafasi ya Olimpiki kwa mara ya nne.

Siku hiyo lengo la matokeo lilikuwa halikwepeki, na lilifanya kazi yake: liliamua ni mbio zipi za kuingia, mazoezi yaanze lini na kipi kiachwe. Miaka minne nyuma Keflezighi alikuwa ameshindwa kuingia timu ya Olimpiki ya Beijing, akiwa na jeraha la nyonga. Lakini lengo hilohilo halifai kubebwa kichwani kilomita ya 30, kwa sababu halisemi mguu uwekwe wapi.

Houston imetoa mfano wa pili ambao wapenzi wa riadha wa Tanzania hawawezi kuusahau upesi. Januari 2025, katika nusu marathoni ya mji huo, Addisu Gobena wa Ethiopia na Conner Mantz wa Marekani walivuka utepe wakiwa na muda mmoja, dakika 59 na sekunde 17, na ushindi akapewa Muethiopia. Gabriel Geay wa Tanzania, mshindi wa pili wa Boston mwaka 2023, alikuwa wa tatu kwa dakika 59 na sekunde 18. Kilomita 21 zilikuwa zimewatenganisha kwa sekunde moja.

Tukipima kwa matokeo pekee, Mantz alishindwa. Hata hivyo muda wake ulivunja rekodi ya Marekani ya dakika 59 na sekunde 43, ambayo Ryan Hall aliiweka katika mji huohuo mwaka 2007 na ambayo ilikuwa imedumu miaka 18. Mwanamichezo mwenye lengo moja tu angerudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye malengo ya ngazi tofauti ana kitu cha kuandika katika daftari lake usiku huo.

Hesabu ya mizunguko minane

Tuchukue mfano wa kubuni unaoweza kumfaa mwanafunzi yeyote wa sekondari mjini Mesquite. Shule za Texas hukimbia mita 3,200 uwanjani, yaani mizunguko minane. Mwanafunzi anayetumia dakika 10 kamili anakimbia kila mzunguko kwa sekunde 75. Anataka kufikia dakika 9 na sekunde 36. Zikitajwa hivyo, sekunde 24 ni mlima. Zikigawanywa kwa minane, ni sekunde tatu kwa kila mzunguko: kutoka 75 hadi 72.

Sasa anaweza kuzipa tarehe. Ikiwa mashindano ya jimbo hufanyika mwezi Mei, sekunde ya kwanza inaweza kutafutwa kufikia mwishoni mwa Januari, ya pili kufikia katikati ya Machi, ya tatu Aprili. Na chini ya hizo sekunde kuna mambo ya kila siku ambayo hayamtegemei mtu mwingine: saa nane za usingizi, mbio ndefu ya Jumamosi isiyokosekana, na zaidi ya yote, nidhamu ya kutoukimbia mzunguko wa kwanza kwa sekunde 68 kwa sababu rafiki zake wanatazama. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mashindano ya shule anaujua ugonjwa huo. Kijana anaongoza kwa mizunguko miwili, anashangiliwa, halafu uwanja mzima unampita.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Mwezi Agosti joto la Dallas hupita nyuzi 35, na hapo lengo la muda huwa hatari kwa afya. Makocha wenye busara hulibadilisha liwe la vitendo: dakika 40 za mbio za taratibu alfajiri, maji kabla na baada, bila kuangalia saa. Mwanafunzi aliyetoka nyanda za juu za Eldoret au Arusha, ambako asubuhi ni baridi, asijilinganishe na namba alizokuwa akizipata huko.

Kuhusu daftari, mfano wake uko karibu. Eliud Kipchoge wa Kenya amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono tangu mwaka 2003, na madaftari hayo ameyahifadhi. Mei 2017 huko Monza, Italia, alijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili na akazidisha sekunde 25. Oktoba 2019 mjini Vienna alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi kutokana na namna wakimbiaji wa kuongoza kasi walivyotumiwa. Shabaha hiyo ilikuwa na kipimo ambacho mtoto wa shule angeweza kukifuata: dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita, tena na tena, mara 42.

Lengo linapogeuka mzigo

Yapo mambo ambayo semina za makocha hazipendi kuyasema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Maurice Schweitzer, Lisa Ordóñez na mwenzao ulionyesha kwamba watu waliopewa lengo na kulikosa walielekea zaidi kudanganya kuhusu kazi waliyoifanya, hasa waliobakisha kidogo tu kulifikia. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu. Orodha ya wakimbiaji wa nchi hiyo waliofungiwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa ni ndefu, na ingawa sababu ni nyingi, mojawapo ni kwamba kwa kijana wengi kipimo kilichowekwa ni kimoja: fedha za zawadi, au hapana kitu.

Ughaibuni mzigo huo huchukua sura nyingine. Kijana mwenye maumivu ya mfupa wa mguu huyaficha kwa kuwa msimu wa makocha wa vyuo kutafuta wachezaji umewadia. Binti anapunguza chakula ili awe mwepesi. Hakuna aliyewaamuru, lakini lengo lilitamkwa mezani mara nyingi kiasi kwamba kukiri maumivu kunafanana na kuwaangusha baba na mama. Ndipo swali la Doran linaporudi, lengo ni la nani. Locke na Latham wenyewe walisisitiza kwamba lengo gumu hufanya kazi pale tu mhusika anapolikubali kwa moyo wake, ana uwezo wa kulifikia, na anapata taarifa za maendeleo yake. Jambo moja kati ya hayo likikosekana, ugumu wa lengo hauna faida.

Kwa hiyo mazungumzo ya mzazi na mtoto yangefaa yaanze na kusikiliza. Mtoto aseme anataka nini msimu huu, aandike, kisha mzazi na kocha wasaidie kuligawa. Lengo likiwa limekosewa kwa ukubwa, lirekebishwe bila aibu. Likiwa jepesi, liongezwe. Mapitio ya kila baada ya wiki tatu au nne yanatosha, kwani mwili hauonyeshi mabadiliko kila Jumatatu.

Kuna kipimo kimoja, hata hivyo, ambacho familia ya Texas haina hiari nacho. Tangu katikati ya miaka ya 1980 sheria ya jimbo hilo inamzuia mwanafunzi kushiriki mashindano akianguka chini ya alama 70 katika somo, isipokuwa katika baadhi ya masomo ya ngazi ya juu ambayo shule zinaruhusiwa kuyapa msamaha. Adhabu hudumu kwa wiki tatu au zaidi, hadi alama zipande, na kocha hana mamlaka ya kuifuta. Wiki tatu za Aprili zinatosha kufuta mashindano ya wilaya, na asiyekimbia wilayani hafiki jimboni mwezi Mei. Katika daftari la yule mwanafunzi wa sekunde 72, hesabu ya darasani inastahili ukurasa wake, ulio mbele ya ule wa mizunguko.